Sekunde nne za matishari

Mpwa wangu ndiye aliyenitumia filamu hii, Jumapili usiku, na maneno matatu tu: "Mjomba, bandari yako." Nilikuwa nimejilaza, simu imekaa kifuani. Nikaifungua bila haraka, nikidhani ni vichekesho vyake vya kila siku. Ilipofika nusu nikainuka. Ilipokwisha nikatafuta miwani, nikawasha taa, nikaanza upya, hadi mke wangu akauliza kumetokea nini.

Ni filamu fupi, dakika mbili na kidogo, nyeusi na nyeupe. Imekatwa mwanzo na mwisho, haina jina la aliyeipiga wala mwaka. Lakini mtu aliyekulia Dar es Salaam haulizi ni wapi. Meli inaingia kwenye ule mlango mwembamba wa bandari, pale ambapo ukisimama Magogoni unaweza kumwona baharia aliye juu ya sitaha amekunja mikono au amenyoosha. Upande wa kulia unapita mnara wa kanisa la Azania Front, kisha wa kanisa la Mtakatifu Joseph, yote miwili iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Meli yenyewe ni ndefu, mwili mweusi, juu nyeupe, milingoti mitatu, bendera zimetandazwa kutoka mbele hadi nyuma. Hiyo ni Britannia, meli ya kifalme. Rangi yake ya kweli ni buluu iliyokoza, ila kwenye filamu za namna ile buluu ile huonekana nyeusi.

Basi ni mwaka 1956, na yule anayeshuka ngazini ni Princess Margaret, mdogo wake Malkia Elizabeth. Alikuwa na miaka 26. Alikuwa kwenye ziara ya Afrika Mashariki na visiwa vya Bahari ya Hindi, akapita Mombasa, Unguja, Mauritius, na hapa kwetu. Hapa alikuja kwa ajili ya magati mapya ya maji marefu, matatu, ambayo yalipewa jina lake. Hospitali mpya ya mji nayo ikapewa jina lake, ile ambayo baada ya Uhuru ilirudishiwa jina la mahali ilipo, Muhimbili. Marehemu baba hakuwahi kusema Muhimbili. Mwaka 1960 robota la katani lilimwangukia mguuni, na mpaka anaingia kaburini alikuwa anasema, "Nilipolazwa Prinses."

Baba alikuwa kuli. Aliingia bandarini mwaka 1949, kijana wa kutoka Kisarawe asiye na ndevu, akafanya kazi ya matishari na baadaye ya gatini mpaka mgongo ulipogoma. Mimi nimekaa humohumo miaka 27, karani wa kuhesabu mizigo, na nimestaafu juzi tu. Nayasema haya ili mjue ninaitazama filamu hii kwa macho ya nani. Simjui Margaret. Lakini ninaijua kamba, ninalijua gati, na ninajua mtu anasimamaje akiwa amechoka.

Nimeitazama labda mara arobaini sasa. Mara tano za kwanza nilimfuata mgeni, kwa sababu kamera inamfuata mgeni. Gauni la rangi nyepesi, kofia ndogo, glavu mpaka karibu na viwiko. Gavana Twining yumo, mkubwa wa mwili, sare nyeupe, kofia ya manyoya. Kuna mstari wa mabwana wa kushikana nao mikono, na msimulizi anawataja kwa vyeo vyao. Sauti ile iliwekwa baadaye, studio, kama zilivyotengenezwa filamu nyingi za habari enzi zile: kamera inapiga picha bila sauti, kisha muziki wa bendi na maneno ya Kiingereza vinapachikwa juu. Ndiyo maana unaona wapiga ngoma wanapiga na husikii ngoma. Unasikia matarumbeta.

Hilo la ngoma liliniuma kuliko nilivyotarajia. Ni sekunde sita hivi. Wanaume wanne, ngoma zimeegemezwa mapajani, wa katikati ana kitambaa kichwani. Nilizima sauti nikatazama mikono tu. Nikamwita rafiki yangu ambaye amepiga ngoma kwenye shughuli tangu utotoni, nikamwekea, naye akaanza kugonga meza kwa vidole akijaribu kuifuata ile mikono. Akashindwa, kipande ni kifupi mno, kinakatika kabla mzunguko haujatimia. Lakini akaniambia jambo ambalo sikuliona: wale watatu wa pembeni hawamtazami mgeni, wanamtazama wa katikati. "Huyo ndiye anayewaongoza," alisema. "Kama ni siku ya Binti Mfalme au siku ya harusi ya jirani, wao wanamtazama huyo."

Baada ya hapo nikaacha kumtazama mgeni. Nikaanza kutazama kingo za picha.

Kuna sehemu meli inafungwa gatini. Kwa mpiga picha ilikuwa nafasi ya kusubiri tu, anangoja ngazi ishuke, lakini kamera ilikuwa inazunguka. Inarushwa kamba nyembamba kutoka melini, yenye uzito mwishoni. Watu wawili wanaikimbilia. Kamba ile nyembamba ndiyo inayoburuta ile nene, na ile nene ikilowa maji ya bahari ni nzito kama ng'ombe aliyekataa kwenda. Mmoja wa wale wawili yuko peku, kaptura imechanika nyuma ya paja. Anaivuta kamba akirudi kinyumenyume, visigino vinatafuta pa kukanyaga, mdomo uko wazi. Nyuma yake umati wote umeinua nyuso kuelekea juu ya meli, watoto wa shule wana vibendera. Yeye anatazama kamba. Analiingiza lile tanzi kwenye kichuma cha kufungia, anajifuta mikono kwenye kaptura, na kabla hajainua kichwa filamu inakata, tuko kwenye glavu tena.

Nimeisimamisha picha hapo mara nyingi. Sijui namtafuta nani.

Kitu kingine ambacho mtu wa bandari anakiona upesi ni usafi. Gati lile ni safi kupita kiasi. Hakuna robota, hakuna magunia, hakuna hata unyuzi wa katani chini, na Tanganyika ya wakati ule ndiyo iliyokuwa inaongoza duniani kwa katani; unyuzi wake ulikuwa unaingia kwenye chakula, kwenye nywele, mpaka kwenye nguo zilizoanikwa nyumbani. Kreni zimesimama, kulabu zimepandishwa juu zote kwa kimo kimoja, kama askari. Ni jambo zuri kulitazama. Lakini kreni iliyopandisha kulabu maana yake hakuna gengi chini yake, na gengi likikosa kazi, kibarua analala bila posho. Makuli wengi walikuwa vibarua wa kutwa. Unakuja alfajiri, unasimama, ukichaguliwa umekula.

Na hayo ndiyo maisha waliyokuwa wameyagomea. Mwaka 1947 makuli wa Dar es Salaam waligoma, mgomo ukapanda reli na kuenea mpaka bara. Mwaka 1950 wakagoma tena, safari hiyo ikawa vita na polisi, na mwaka huohuo chama chao kikavunjwa. Baba alikuwemo huo wa 1950. Alilizungumzia mara moja tu, mimi nikiwa mtu mzima, tena kwa sababu niligusa kovu lake la kwenye nyusi nikauliza. Miaka sita baadaye ndiyo filamu hii. Msimulizi hana habari na hayo. Wala hana habari na TANU, iliyokuwa na umri wa miaka miwili, wala na Nyerere, aliyekuwa ameacha ualimu Pugu mwaka mmoja nyuma na ambaye kabla 1956 haujaisha alikwenda kuzungumza Umoja wa Mataifa, New York. Nyuso zilizo kwenye umati ule, baadhi yao lazima zilikuwa na kadi ya TANU mfukoni. Huwezi kujua ipi. Wote wanapunga.

Sasa nije kwenye sekunde nne.

Karibu na mwisho kamera inageuka kutoka kwenye jukwaa la hotuba na kuonyesha bandari kwa upana, kuelekea mjini. Ilikuwa inataka minara ya makanisa na minazi, picha ya kupendeza ya kufungia. Katikati, kabla haijafika kwenye minara, inapita kwenye gati la zamani. Na pale yako matishari. Nimeyahesabu, sita, yamefungwa ubavu kwa ubavu, yamefunikwa maturubai.

Nilipoyaona mara ya kwanza nilishika mdomo.

Kwa wasioyajua: kabla ya magati yale matatu, meli kubwa haikuwa inagusa nchi kavu hapa Dar es Salaam. Ilikuwa inatia nanga katikati ya bandari. Robota lilitoka kwenye behewa la treni, likabebwa mpaka gati la zamani, likashushwa ndani ya tishari, ambalo ni chombo kipana cha chuma kisicho na injini. Tishari likijaa linavutwa na boti mpaka ubavuni mwa meli. Pale kuna gengi jingine, linafunga robota kwenye slingi, winchi ya meli inanyanyua, gengi la tatu liko tumboni mwa meli linapokea na kupanga. Robota moja la katani lina zaidi ya kilo 200. Linashikwa mara tatu, nne, na kila linaposhikwa kuna kidole cha mtu chini yake. Na tishari haliketi. Wimbi dogo tu, linapanda na kushuka wakati mzigo unaning'inia kichwani kwako.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba. Nimeisikia utoto wangu wote. Alikuwa anaiigiza uani, akisimama miguu imepanuka, akiyumba kidogo, akituonyesha jinsi ya kusubiri tishari lipande ndipo uachie kulabu, kwa sababu ukiachia likishuka mzigo unakufuata. Tulikuwa tunacheka. Baba hakuwa na picha hata moja ya kazini. Picha zake zote ni za studio, suti ya kuazima, kiti cha kuegemea, maua ya karatasi. Kwa hiyo katika maisha yangu yote nilikuwa nayajua matishari kwa kiuno cha baba tu. Nilipoanza kazi mimi, mambo yalikuwa ni makontena. Na hapa, katika filamu ya kusherehekea gati lililokuja kuchukua nafasi yao, yamo kwa bahati, sekunde nne, kwa sababu yalikaa njiani mtu alipokuwa anatafuta minara.

Matishari hayakuisha siku ile. Magati matatu hayakutosha, na baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, mizigo ya Zambia ilipomiminika Dar es Salaam, kila kinachoelea kilitumika. Lakini safari ya kuondoka kwao ilianzia hapo.

Gati lenyewe la Margaret nalo sasa si lile. Mradi ulioanza mwaka 2017 umeyaimarisha magati namba 1 hadi 7 na kuchimba kina mpaka mita 14.5, ili meli kubwa zaidi ziweze kufunga. Nilikuwa bado kazini. Ni kazi kubwa na ya faida, bandari isiyochimbwa inakufa, na ningekuwa na uwezo ningeitaka mapema zaidi. Ila ina maana kwamba ule ukingo aliokimbilia mtu wa peku, ule wa visigino, haupo tena wa kuukanyaga. Umebaki humo ndani ya simu.

Baba alikuwa na msemo. Ukilalamika kwamba chakula kimechelewa, anakwambia: "Siku ya Prinses tulishinda na njaa, tukala alfajiri." Tukadhani ni namna yake ya kutunyamazisha. Mimi niliufikiria zaidi kidogo, nikajiambia ni habari ya sherehe, kwamba walisimama juani kutwa kumsubiri mgeni. Lakini "tukala alfajiri" haikukaa sawa. Sherehe iliyoisha mchana inakulishaje alfajiri?

Wiki iliyofuata nikaenda Mtoni kwa baba mdogo. Hakuzaliwa tumbo moja na baba, ila walikuwa gengi moja na alimsimamia baba mazishini kama ndugu, kwa hiyo ni baba mdogo. Ana miaka 88. Macho yanaona kwa shida, akili haina shida yoyote. Nilibeba kompyuta ya mpwa wangu ili picha iwe kubwa.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Umenenepa. Kustaafu kumekupenda."

Tukanywa chai kwanza, ndipo nikamwekea. Alitazama bila kusema neno, uso umekaribia kioo kiasi cha pumzi yake kukitia ukungu. Glavu zikapita, Twining akapita. Kwenye mtu wa peku nikasimamisha, nikamwuliza kama ni mmoja wao.

"Huyo? Si kuli huyo. Kuli hagusi kamba ya meli, mwanangu, ungepigwa. Hao ni watu wa kufunga meli, wana nyapara wao." Akanitazama kana kwamba miaka yangu 27 nilikuwa nauza nyanya. "Endelea."

Nikaendelea. Ikafika kwenye bandari kwa upana, nikasimamisha kwenye matishari. Hapo alinyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, si juu ya matishari, chini yake, pale chuma kinapokutana na maji.

"Unaona?"

"Nayaona, baba mdogo. Sita."

"Sikuulizi mangapi. Unaona yalivyozama?"

Nikavaa miwani vizuri. Na ni kweli. Miaka yote ile ya kuhesabu mizigo, na mara arobaini za kuitazama filamu, sikuona. Nilikuwa natafuta watu. Ukingo wa kila tishari umekaribia maji kabisa, haujabaki hata mkono mmoja.

"Hayo yamejaa," alisema. "Tuliyajaza jana yake. Meli ya mizigo ilikuwa imetia nanga kule, unaona mlingoti wake nyuma ya hiyo minazi? Ile. Asubuhi wakatuambia hakuna winchi, hakuna makelele, mpaka mgeni aondoke gatini. Hakuna kazi, hakuna chai, hakuna posho. Tukakaa nyuma ya ghala kutwa, baba yako na mimi na wengine, tunasikia bendi. Hatukumwona hata kofia."

"Halafu?"

"Halafu jua likazama, wakaja na taa. Meli ina ratiba yake, haijui Prinses. Tukayamaliza yote sita usiku uleule. Wakatulipa jua likichomoza, tukaenda pale kwa mama muuza uji. Baba yako alikunywa vikombe vitatu, cha nne akamwagikiwa kwa sababu mikono ilikuwa inatetemeka."

Akaniomba niiwashe tena kuanzia pale. Nikamwekea. Zile sekunde nne, kisha minara, kisha mkono wenye glavu unapunga, basi. Akaniomba tena.